Muulize Anti Nesi: Siku za Nipah zinaanza kuhesabiwa lini?

Jamani habari za wiki. Mwenzenu nilistaafu wodini nikidhani nitalima maua yangu hapa Rau kwa amani, ila nyie hamnistaafishi, simu yangu wiki nzima ni Nipah, Nipah, Nipah. Nimechagua maswali manne tu, na la kwanza nimelijibu kwa urefu mana ndo wengi wenu mmeuliza hilo hilo kwa namna tofauti.

Shikamoo anti. Mi niko Pasua, Moshi. Mdogo wangu wa mwisho anasoma ufamasia Kerala, India, karudi likizo Jumamosi iliyopita, tumempokea KIA vizuri tu na maua. Jumapili jirani akarusha klipu kwenye grupu la mtaa kwamba huko India kuna kirusi cha Nipah, kinaua, na kinaweza kukaa mwilini siku 45 bila mtu kujua. Toka hapo mama kamhamishia chumba cha uani, sahani yake, kikombe chake, na kasema asimbebe mwanangu wa miezi 8 mpaka siku 45 ziishe. Anti, likizo yenyewe ni siku 30! Mdogo wangu juzi nimemkuta analia. Ni siku ngapi hasa na zinaanza kuhesabiwa lini? Na akipimwa sasa ivi si tutajua moja? – Dada Mtu, Pasua

Marahaba mwanangu. Kwanza mpe pole huyo kijana, mtu katoka mbali na hamu ya mtori wa mama yake alafu anapewa sahani kupitia dirishani.

Tuanze na hizo siku. Kuna muda kati ya kirusi kuingia mwilini na mtu kuanza kuumwa, na Kiswahili chetu kimeuita muda wa kuatamia, neno ambalo kila aliyefuga kuku analielewa. Kuku akilalia mayai hapo katikati huoni kitu, unaona kuku tu kakaa, ila ndani mambo yanaendelea, na siku ya 21 unasikia vilio. Bata hawa wetu wa kawaida unangoja 35. Kila ndege na siku zake na kila ugonjwa na siku zake, kwaiyo huwezi kuchukua za huyu ukampa yule. Marburg ni siku 2 mpaka 21. Nipah kwa wagonjwa wengi ni siku 4 mpaka 14. Kule Bangladesh walifuatilia wagonjwa 248 wa kati ya 2001 na 2014, theluthi yao waliambukizwa na mgonjwa mwenzao, na kwenye hao walioambukizana kuatamia kulichukua wastani wa karibu siku 10.

Sasa hio 45 ya jirani yenu hajaitunga, nimtetee hapo. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba imewahi kuripotiwa mpaka siku 45. Ila imewahi kuripotiwa sio ndo kawaida. Ni sawa na kusema mtu mmoja alipanda daladala Moshi mjini akafika Himo baada ya masaa matano, inawezekana gari liliharibika, lakini huwezi kumwambia kila anaeenda Himo abebe chakula cha safari. Kerala wenyewe, ambao wameshaupata huu ugonjwa 2018, 2019, 2021, 2023 na 2024, wanawafuatilia waliokuwa karibu sana na mgonjwa kwa siku 21. Hawa ndo wameuona kwa macho na wanatumia 21.

Na sasa kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu mimi ndo swali lenyewe. Watu wanauliza siku ngapi, hawaulizi kuanzia wapi. Ngoja niwape kisa cha nyumbani kwetu. Machi 2023 ilitangazwa Marburg kule Kagera, wagonjwa walikuwa 9 na 6 wakafariki, Juni 2 ikatangazwa imeisha. Katikati hapo mtoto wa kaka yangu, ambae alikuwa anauza duka la hadiwea Bukoba mjini, akaja Moshi. Wifi yangu alichukua kalenda ya kanisa ile yenye picha ya usharika, akaibandika pembeni ya friji, kila asubuhi anakata siku moja na bic nyekundu, na kijana anakula barazani na sahani moja ya bati yenye ukingo wa bluu, ile tuliyokuwa tunamwekea mbwa zamani (wifi anakataa mpaka leo kwamba sio ile). Mimi nikamuuliza wifi umeanza kuhesabu lini, akasema siku aliyoshuka stendi. Nikamuuliza kijana, mwanangu ulitoka Bukoba lini, akasema shangazi, kabla ya kuja huku nilikaa Mwanza siku 9 kwa rafiki yangu. Zile siku 9 zote wifi alikuwa amezifuta, kama vile kirusi kilipofika Mwanza kiliwekwa kwenye friza. Na ukiuliza zaidi, kijana hakuwahi kumkaribia mgonjwa wala kwenda kwenye msiba, kwaiyo hata hizo siku zilikuwa hazina cha kuhesabu. Tulimlisha mtoto wa watu barazani bure.

Kwaiyo sikiliza. Siku ya kwanza sio siku ya kutua KIA. Unahesabu kutoka siku ya mwisho mtu alipokutana na kitu cha kumwambukiza. Na kwa Nipah hivyo vitu vinajulikana: mgonjwa wa Nipah, yani kumhudumia, kushika mate, makohozi, mkojo au damu yake, kukaa nae karibu kwa muda, au popo wa matunda, tunda walilolila au kinywaji kibichi walichokichafua, au nguruwe aliyeambukizwa. Kaa na mdogo wako mmuulize taratibu, sio kama polisi: je ulifanya mazoezi hospitali, siku ya mwisho ni lini, kulikuwa na mgonjwa wa Nipah pale, kuna mtu ulimuuguza, idara ya afya ya kule ilikuweka kwenye orodha ya kufuatiliwa? Kama yote ni hapana, hakuna siku ya kuanzia, na bila siku ya kuanzia mnahesabu nini? Kerala ni jimbo la watu zaidi ya milioni 33. Mwaka 2023 waliothibitishwa walikuwa 6, wote wilaya moja tu ya Kozhikode, wawili wakafariki. Kuwa Kerala sio kuwa na Nipah, kama ambavyo kuwa Tanzania 2023 hakukumaanisha una Marburg, na sisi tulichukia sana tulipotazamwa ivo.

Kama kuna jibu la ndiyo hata moja, hapo ni kuhesabu kweli. Kipimajoto cha dukani kinatosha, asubuhi na jioni mnaandika, na mnatoa taarifa mapema, namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure.

Kuhusu kupima, najua mnataka karatasi mkaibandike getini mtaa uone. Lakini mtu akiwa bado kwenye kuatamia kipimo kinaweza kusema hamna na kirusi kipo, mana bado ni kidogo mno, ni sawa na kupasua yai siku ya pili kutafuta kifaranga. Kipimo chenyewe kinachukua ute wa kooni, mkojo, damu au maji ya uti wa mgongo, na kinamfaa mtu ambae ameanza dalili. Kwaiyo karatasi ya leo haiwezi kuwasaidia kesho, kinachosaidia ni kalenda iliyoanza siku sahihi.

Na mtoto wa miezi 8? Nipah inavyojulikana inatoka kwa mtu ambae tayari anaumwa, hasa akiwa hoi anakohoa na anahema kwa shida. Kerala 2018 wengi waliopata waliupatia hospitalini, wakiuguza au wakiwa jirani na mgonjwa, na mmoja wa waliofariki alikuwa nesi aliyekuwa anamhudumia mgonjwa. Huwa nikifika hapo nanyamaza kidogo. Ila mtu mzima wa afya anayekula ugali mara mbili sio chanzo.

Dalili za kuangalia: homa, kichwa kuuma sana, mwili kuuma, kutapika, koo, alafu usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege. Kwa waliozidiwa inaweza kwenda haraka, masaa 24 mpaka 48 mtu anapoteza fahamu. Kati ya wagonjwa 100 wanaofariki ni 40 mpaka 75, na chanjo iliyoidhinishwa hamna bado wala dawa maalum, ni kumsaidia mgonjwa apumue na mwili upambane. Lakini homa ya mtu aliyerudi India inaweza kuwa malaria, dengi, taifodi, mafua ya kawaida, kwaiyo akipata homa msikae nayo ndani mkiogopa aibu. Mnaenda Mawenzi au KCMC, barakoa mdomoni, na kabla hajakaa benchi aseme: nimetoka India tarehe fulani. Hilo sentensi moja linamsaidia daktari kuliko klipu kumi za jirani.

Oya anti mambo. Mi chalii wa Ngarenaro Arusha. Masela wanasema Nipah inatoka kwenye kitimoto na sasa wengine wameacha kabisa, wanaleta kuku, bei imepanda. Kweli au wanazingua? Wikiendi nina mpango Kwa Mromboo. – Chalii

Poa mwanangu, ila anti unamsalimia shikamoo.

Wamesikia kengele ila hawajui kanisa liko wapi. Mlipuko wa kwanza kabisa ulikuwa Malaysia 1998 kuingia 1999 na kweli uliwapiga wafugaji wa nguruwe. Miti ya matunda ilikuwa imepandwa karibu na mabanda, popo wanakula usiku wanadondosha makombo, nguruwe wanaokota, wakaanza kukohoa kikohozi kikubwa kama wanabweka, na wanaowahudumia wakaanza kuugua ubongo. Mwanzoni walidhani ni ugonjwa mwingine wa mbu, wakapuliza dawa ya mbu wee, watu wanazidi kufa. Mpaka virusi vyenyewe vilipotengwa maabara, na jina likatoka kwenye kijiji cha Sungai Nipah. Wagonjwa 265, waliofariki 105. Singapore nako wafanyakazi wa machinjio 11 wakaugua, mmoja akafariki, kwa nguruwe waliotoka huko huko. Walichinja na kuteketeza nguruwe zaidi ya milioni moja, na tangu 1999 Malaysia haijarudia.

Sasa umesikia ni nani waliougua? Waliokaa na nguruwe hai mgonjwa, sio aliyeagiza nusu kilo na ndizi. Na Tanzania hajawahi kuripotiwa mgonjwa wa Nipah, Afrika nzima hajawahi. Ile homa ya nguruwe mnayoisikia inafagia mabanda hapa Kaskazini ni kitu kingine, inaua nguruwe ila binadamu haimpati. Ukifika Kwa Mromboo angalia nyama iive mpaka ndani, mana minyoo ya tegu ipo na hio haihitaji ndege kutoka India. Hayo mengine kula kwa amani, mimi mwenyewe sikatai sahani.

Salaam kwako nesi. Mimi ni mkulima Marangu, umri umeenda. Maparachichi yangu na mapera yanaliwa na popo kila msimu, asubuhi naokota yaliyong'atwa nusu. Wajukuu wanakula upande uliobaki. Kijana mmoja hapa anashauri tuwachome moto popo wote kwenye mti wa mkuyu kwa sababu ya hiyo Nipah. Unasemaje? – Babu wa Marangu

Shikamoo babu yangu. Huyo kijana mwambie ashushe kiberiti. Popo ukimvuruga hafi wote, anahama na kusambaa, na wewe unabaki bila msambaza mbegu za miti huko mlimani.

Popo wanaobeba Nipah ni wale wakubwa wa ukoo unaoitwa Pteropus, wanaishi Asia, Australia na visiwa vya Bahari ya Hindi. Sisi tunao Pemba, aliyefika Kidike amewaona wamening'inia mchana kama miamvuli meusi. Hawa wako wa mlimani ni ukoo mwingine. Sitakudanganya nikwambie popo wa Afrika hawana kitu, Ghana watafiti walikuta kwenye damu ya popo wa matunda kingamwili za virusi wenye undugu na Nipah, na Marburg nayo ni ya popo. Ndo mana jibu langu ni rahisi: tunda lililong'atwa, tupa, usikate upande. Liwe parachichi, liwe embe, liwe pera, hata kama limebaki robo tatu na roho inauma. Mengine yaoshwe na yamenywe. Usiwape nguruwe hayo makombo pia, umesikia kisa cha Malaysia hapo juu.

Alafu kuna jambo moja la Bangladesh ambalo babu utalielewa kuliko hawa vijana. Kule msimu wa baridi wanakwangua shina la mtende jioni, wanatundika chungu, utomvu unachuruzika usiku kucha, asubuhi wanaunywa mbichi, mtamu kweli. Watafiti wakaweka kamera za usiku, wakawaona popo wanakuja kulamba pale pale unapochuruzika, na wengine wanakojoa humo humo. Karibu kila mwaka wanapata wagonjwa, zaidi kati ya Desemba na Aprili. Dawa waliyopata ni kuvalisha shina kisketi cha vipande vya mianzi popo asifike, au kuuchemsha utomvu. Nikisoma hayo huwa nafikiria mnazi wa kule Tanga, kibuyu juu ya mti usiku kucha bila kifuniko. Mbege yetu angalau ndizi zinachemshwa, ingawa babu najua utasema mbege ya Marangu haihitaji kutetewa na nesi.

Anti kwema? Nasoma unesi Arusha. Tumefundishwa siku 4 mpaka 14, ila nimesoma kuna waliougua ubongo miaka baada ya kuambukizwa. Sasa hapo kuatamia ni siku au ni miaka? – Mwanafunzi, Sakina

Swali la mtu anaesoma kweli, nimefurahi. Usichanganye vitu viwili. Wachache waliopona Malaysia na kwengine walirudiwa na uvimbe wa ubongo baada ya miezi au hata miaka, na wengine mara ya kwanza hawakuumwa sana au hawakuhisi kitu kabisa, alafu ubongo ukaja kuugua baadae. Kitabuni huu unaitwa ugonjwa uliorudi au uliochelewa, haumo kwenye ile hesabu ya 4 mpaka 14, wala huwezi kumweka mtu karantini kwa ajili yake. Kwako wewe wa wodini maana yake ni historia: mgonjwa wa degedege asiyeeleweka muulize hata safari za zamani. Na karibu 1 kati ya 5 wanaopona wanabaki na tatizo la neva, degedege au tabia kubadilika, kwaiyo kupona sio mwisho wa kliniki. Kwenye mtihani andika 4 mpaka 14, imeripotiwa mpaka 45, alafu sentensi moja ya hao waliochelewa, mwalimu atakupa zote.

Nilikuwa nafunga ndo Dada Mtu wa Pasua akaandika tena. Wamekaa na mdogo wake wakahesabu. Alifanya mazoezi hospitali kweli, hapakuwa na mgonjwa wa Nipah pale, na siku yake ya mwisho ilikuwa siku 10 kabla ya kupanda ndege. Leo ana siku ya 7 nyumbani, jumla 17, homa hana, kala sahani mbili za makande. Mama kakubali kuachana na 45 ila hataki kuachia hapo, anasema yeye anafika 21 kama kuku wake, hivyo bado siku 4 mtoto hashikwi. Nimemwambia asibishane nae. Mtori leo wameupikia uani, wamekula wote huko.